Niwaambie Kabla au Baada?

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinipigia simu saa tatu usiku. Namba yangu aliipata kwa mtu aliyesoma naye Chuo Kikuu cha Kyambogo, na aliniomba radhi mara tatu kwa kunisumbua kabla hajasema shida yake. Ana digrii, ana uoni hafifu unaoelekea kuisha, na ameitwa usaili. "Dada," akaniuliza, "habari ya macho niwaambie kabla, au baada?"

Nikamwambia nitampigia kesho yake. Jibu la dakika mbili sikuwa nalo. Nilikuwa na la miaka mingi, na nusu yake ni aibu, ndiyo maana ninaliandika hapa badala ya kulimwaga lote masikioni mwa mtu mwenye usaili Jumatano.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wakisikia kipofu ana kazi ofisini hudhani amewekwa mapokezi atabasamu.

Niko kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Nakawa, Kampala. Kazi yangu ni simu. Malori yanayobeba mizigo ya wateja wetu hutoka Mombasa, yanaingia Uganda kwenye mpaka wa Malaba au Busia, mengine yanaishia hapa, mengine yanaendelea hadi Juba. Dereva akikwama ananipigia mimi. Madereva hao ni Wakenya, Wasomali, Waganda, Wasoga, Watanzania wachache, na lugha ya barabara ile tangu baharini ni moja, Kiswahili. Asubuhi moja mwezi uliopita mzee mmoja alinipigia kutoka Malaba, upepo ukipiga kwenye simu.

"Andika, dada. M, S, K, U. Nne, moja, moja, mbili, tisa, tano. Mwisho tano."

"Mzee, hiyo si sawa."

"Si sawa vipi? Niko mbele yake."

Kontena la mizigo lina herufi nne na tarakimu saba. Ile tarakimu ya saba ni mlinzi: hupatikana kwa kuzikokotoa zile zilizotangulia, na isipolingana nazo, kuna kosa mahali. Kompyuta huifanya hesabu hiyo kimya kimya. Mimi huifanya kichwani, kwa sababu kisoma skrini, ile programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, kikimaliza kunisomea jibu, dereva ameshakata simu. Makontena ya MSKU, yale ya kampuni ya meli ya Maersk, nayaanza na sita mkononi, maana ndiyo inayobaki herufi hizo nne zikikokotolewa. Kisha zile tarakimu sita nazizidisha moja moja kwa tano, kumi, tisa, saba, tatu na sita. Najumlisha, natoa kumi na moja kumi na moja mpaka zisitoke tena, kinachobaki ndiye mlinzi. Kwa hiyo: sita, na ishirini, na kumi, na tisa, na kumi na nne, na ishirini na saba, na thelathini. Mia moja kumi na sita. Toa mia na kumi, inabaki sita. Mzee amesema tano.

"Hizo moja mbili ulizonitajia, rudi uziangalie vizuri."

Nikasikia viatu kwenye kokoto, na tanboi wake, yaani utingo, akibishana. Kisha: "Ya pili ni saba, dada. Kutu imeila kichwa." Akanyamaza kidogo. "Umejuaje na wewe uko Kampala?"

(Namba nimeibadilisha, hesabu ni ya kweli. Mwenye kalamu aweke saba mahali pa ile moja ya pili aone.)

Yule mzee hajui kwamba sioni. Wengi wao hawajui, na sijawahi kuona sababu ya kuwaambia. Lakini ofisini wanajua wote, na baina ya hayo mawili ndipo lilipo swali la yule kijana.

Nimezaliwa kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa konstebo, mtu wa Tororo. Mama ni Mlugbara wa Arua. Kiswahili hakikuwa lugha ya kazi tu nyumbani kwetu, kilikuwa lugha ya ndoa. Nje ya geti mambo yalikuwa mengine. Watoto wa mtaani walituambia hiyo ni lugha ya askari na wezi, na wazazi wao walikuwa na kumbukumbu zao: Idi Amin ndiye aliyetangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na waliokuwa wakikitumia usiku kwenye vizuizi vya barabarani hawakuwa wakiuliza habari za familia. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 na kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili, hakuna jirani aliyekuja kutupongeza. Nilikua nikijua kwamba lugha yangu ni kitu cha kuacha getini.

Macho yalianza na usiku. Giza likiingia nilikuwa nagonga mabeseni ya watu, nakanyaga sufuria, naangusha nguo kwenye kamba. Kambini wakasema ni mtoto wa fujo. Nilikuwa na miaka 16 nilipopelekwa Hospitali ya Mengo, daktari akanitazama ndani ya jicho muda mrefu, akalitaja jina: retinitis pigmentosa. Ni ugonjwa wa kurithi. Chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho, zinazoona kwenye giza hufa kwanza, kisha uoni unajikunja kutoka pembeni kuja katikati, mpaka mtu anaona kama anachungulia kwenye bomba. Bomba nalo hupungua mwaka hadi mwaka. Dawa hakuwa nayo, na hakunidanganya. Baba aliuliza kama nitaweza kuolewa. Mama akauliza kama nitaweza kusoma. Namshukuru mama.

Nilihamia Iganga, kwenye sekondari ya wasichana inayopokea wasioona, nikajifunza nukta nundu, maandishi ya kupapasa, vidole vikiwa tayari vya mtu mkubwa, yaani vizito. Kisha Kyambogo. Huko sikupata shida kubwa ya kusimulia. Chuo kile kina kitivo kizima cha elimu ya mahitaji maalumu, na wenye fimbo nyeupe tulikuwa wa kutosha hata kugombana wenyewe kwa wenyewe. Shida ilianza siku nilipovua joho.

Kazi ya kwanza niliipata mwaka 2016, mapokezi, kampuni moja ya bima. Niliificha habari ya macho. Bomba langu wakati ule lilikuwa bado pana kiasi cha kusoma maandishi makubwa, kwa hiyo niliweza kudanganya. Nilikwenda jengo lile Jumapili kabla ya kuanza, nikampa mlinzi elfu tano aniache nizoee. Ngazi kumi na nne, kona, ngazi tisa. Wenzangu niliwajua kwa viatu. Mhasibu alikuwa na kisigino kimoja kilicholegea, meneja alinukia mafuta ya karafuu. Fomu za wateja nilizikariri mstari kwa mstari, mteja akikwama naweka kidole pale pale bila kutazama. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinapasuka, nalala na nguo.

Nilidumu wiki saba.

Na hapa nataka msomaji anielewe, kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuelewa. Hawakugundua. Barua niliyopewa haikuwa na neno kipofu wala neno macho. Ilisema nina dharau. Meneja alininyooshea mkono wa salamu kutoka ubavuni, mara tatu kwa siku tofauti, nikamwacha mkono hewani. Mama wa jikoni aliniinamishia sinia la chai nikaendelea kuandika. Watu walinipungia nje, barabarani, nikawapita. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, na kwa nini waulize? Mtu anayeona akikupita bila salamu, maelezo ni moja tu. Mimi nilidhani nimeficha upofu. Kumbe nilikuwa nimewaachia nafasi tupu, nao wakaijaza kwa tabia yangu.

Nikaapa sifichi tena. Barua zote zilizofuata niliandika mstari wa kwanza kabisa kwamba sioni vizuri. Nilituma maombi 31 kwa miaka mitatu, nikaitwa mara tatu. Mara nyingi tangazo lenyewe lilikuwa limeshanifungia mlango: karani, kazi ya kukaa ofisini, lazima awe na leseni ya udereva. (Sijapata kujua karani anaendesha nini.) Kuna afisa wa wafanyakazi aliyenipigia si kwa ajili ya usaili, bali kuuliza nani atakuwa ananipeleka msalani. Na kuna mahali waliniita, wakaniwekea mtihani wa karatasi mbele yangu, wakakumbuka, wakamtafuta mtu wa kunisomea, wakamleta mfanya usafi. Yule dada alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Kiingereza kilimpiga chenga kwenye sentensi ya pili, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Samahani, mimi niliacha la tano." Tukacheka wote wawili mpaka msimamizi akatuambia muda umekwisha. Kazi sikuipata. Yeye naye sijui kama waliwahi kumwomba radhi.

Nilimsaidia mama kuuza mkaa. Nilifundisha Kiswahili watoto wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na maduka Juba. Na usiku nilijifunza NVDA. Kwa wasioijua: ni kisoma skrini cha bure, kilichoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, wote wasioona, kwa sababu vilivyokuwapo vilikuwa ghali. Sauti inayokuja nayo inazungumza lugha nyingi, Kiswahili kimo, Luganda hakimo. Niligundua ujanja ambao nimewapa wengi: ujumbe wa Luganda usomewe kwa sauti ya Kiswahili, irabu ni zile zile. Sauti ya Kiingereza ikisoma jina la Kiganda unaweza kudhani mtu anasongwa na mfupa.

Halafu ikaja 2020. Machi usafiri wa umma ulisimamishwa, watu wakafungiwa nyumbani, lakini malori yalitakiwa yaendelee maana nchi yetu haina bahari. Madereva wakawa wanapimwa corona mpakani na kusubiri majibu, foleni ya Malaba ikaenda nyuma hadi ndani kabisa ya Kenya. Wanalala chini ya malori, wanapiga simu usiku na mchana, na ofisi za Kampala zimefungwa. Yule mfanyabiashara wa Juba akaniambia wakala wake wa mizigo anatafuta mtu wa simu, awe na Kiswahili cha kweli kweli, si kile cha kuanzia na "jambo".

Usaili wangu ulikuwa kwa simu. Hajati, mwenye kampuni, aliniunganisha na dereva aliyekuwa ameshikwa na hasira siku nne Malaba, akasikiliza. Yule bwana alitukana, nikamwachia atukane mpaka akaishiwa, nikamwuliza amekula nini. Nilipokulia mimi, hivyo ndivyo unavyozungumza na askari aliyetoka lindo. Dakika kumi baadaye alinitajia namba ya kontena lake na namba ya mihuri. Hajati akaniambia nianze kesho. Macho hakuyauliza, na mimi, niliyeapa sifichi tena, sikuyataja. Mtu akikuajiri bila kukuona, unaanzia wapi?

Ofisi ilipofunguliwa nikaitwa. Nilisimama chini ya lile jengo la Nakawa na fimbo nyeupe mkononi, na nakiri nilifikiria kuikunja. Nilipanda nayo wazi. Ofisi nzima ilinyamaza, mashine ya kuchapa peke yake ikaendelea. Hajati alikuja, nikasikia bangili, kisha hakusema kitu kwa muda.

"Kwa hiyo zile namba zote," akasema mwishowe, "ulikuwa unaziweka wapi?"

"Kichwani, Hajati. Kisha naziandika."

"Haya. Kaa."

Ningeweza kuishia hapo Hajati akatoka malaika. Si malaika. Mwaka mzima alinilipa pungufu ya kijana aliyekuwa meza ya pili akifanya nusu ya simu zangu, na nilipomwuliza alisema nishukuru sana kwamba nimepata mahali. Sikulia. Nilianza kuweka kumbukumbu. Miezi mitatu, kila namba ya kontena niliyoinasa kwenye simu kabla haijaingia kwenye nyaraka: tarehe, dereva, kosa. Zilikuwa 41. Mtu wa mizigo anajua namba iliyokosewa inamaanisha nini, kontena linakaa yadi, siku zinahesabiwa, mteja analipishwa kwa dola. Nilimpelekea karatasi ile bila kusema neno juu ya haki. Mshahara ulilingana mwezi uliofuata.

Sheria ipo, tusije tukajidai hakuna. Katiba ya 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Sensa ya 2014 ilipata asilimia 12.4 ya watu wa miaka miwili na zaidi wana ulemavu wa namna fulani, kwa hiyo si jambo la watu wawili watatu. Lakini kifungu kilichowahi kunifaa ofisini ni cha kodi. Mwajiri binafsi akithibitisha kwamba asilimia tano ya wafanyakazi wake wa kudumu wana ulemavu, anapunguziwa asilimia mbili ya kodi ya mapato anayotakiwa kulipa. Mimi ndiye niliyemwambia mhasibu wetu. Akahesabu watu: tuko 19. Mmoja kwa 19 ni asilimia tano na ushee. Siku ile nilinunuliwa soda. Wenzangu wananitania mpaka leo kwamba siwezi kuacha kazi, mimi ni punguzo la kodi.

Kudumu kazini kwenyewe ni vitu vidogo vinavyochosha kusimulia. Nina hedseti ya sikio moja: sikio la kushoto kisoma skrini, la kulia dereva. Jedwali la mizigo lilikuwa likipakwa rangi nyekundu kwa kontena la haraka, na rangi kwangu haizungumzi, nikaomba waweke herufi X kwenye safu ya kwanza. Wakanung'unika wiki moja. Sasa wote huchambua kwa ile X, na kuna mgeni aliyeambiwa ndiyo desturi ya kampuni. Picha ndizo zinaniua. Dereva anapiga picha karatasi, imepinda, kidole kimeingia, anaituma WhatsApp, na simu yangu inaniambia tu: picha. Programu ya kutambua maandishi inatoa nusu, nusu namwomba tanboi anisomee. Matanboi ni wasomaji wazuri kuliko wanavyodhaniwa.

Na njia. Ninatoka Kireka kwa taksi, nashuka Nakawa, naingia kushoto pale ninaposikia kikaango cha muuza roleksi, chapati ya kukunjiwa mayai. Mafuta yake, mayai anayoyapiga kwenye kikombe cha plastiki, hiyo ndiyo alama yangu ya barabarani. Mwaka jana alikwenda msibani kwao Masaka bila kuniaga, nikapitiliza, mguu ukaingia kwenye shimo ambalo mfuniko wake ulikuwa umeibwa kwenda kuuzwa chuma chakavu. Nilikaa nyumbani siku tisa. Aliporudi na kusikia, alinipa namba yake ya simu, na sasa akisafiri ananitumia ujumbe. Hajati aliniuliza ofisi inisaidie nini. Nikamwambia anisaidie kumwomba yule bwana asihamie upande wa pili wa barabara.

Nilimpigia kijana usiku uliofuata. Nilimweleza kuhusu barua ya dharau na kuhusu zile barua 31. Nikamwambia mimi ningewaambia kabla, kwa simu, maneno machache, na nisingetaja ugonjwa hata kidogo. Ningesema ninachohitaji: kompyuta nitakayoweza kuwekea NVDA, au maswali kwa barua pepe. Daktari hawamtaki, wanataka kujua Jumatano waandae nini. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hapana, mimi mwenyewe kazi niliyonayo niliipata kwa kutosema.

"Fimbo unayo?"

"Ninayo. Iko kwenye begi."

Kwa nini iko kwenye begi sikumwuliza.

Jumatano saa nne asubuhi akapiga. Alikuwa kwenye ngazi, sauti ilikuwa na mwangwi. Aliwaambia tangu Jumatatu, wakasema hakuna shida kabisa, na alipofika wamempa karatasi ya maandishi madogo, wakamwambia asubiri nje watafute mtu wa kumsomea. Sasa ni dakika ishirini. Alikuwa anafikiria kwenda nyumbani.

"Flashi yenye NVDA umekuja nayo?"

"Ninayo."

"Inafanya kazi bila kusakinishwa. Rudi uwaombe kompyuta yoyote, hata ile ya mapokezi."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, wakukatae ukiwa umesimama mbele yao."

Hakujibu, wala hakukata simu. Nikasikia zipu ya begi. Kisha mlio ninaoujua, fimbo ya kukunja ikijifungua kipande kwa kipande, na ncha yake ikagonga ngazi.